Sanaa ya Jamii na Kujijenga Upya kwa Watu wa Gibellina, Sisilia, baada ya Tetemeko la Ardhi la 1968

Utangulizi

Katika maandishi mengi yahusuyo majanga ya asili, sanaa hutajwa mwishoni. Hufuata baada ya mahema, chakula, dawa, barabara na nyumba, kana kwamba ni pambo ambalo watu hulikumbuka wakishashiba. Historia ya Gibellina, mji mdogo wa wakulima katika bonde la mto Belice magharibi mwa kisiwa cha Sisilia, haikubaliani na mpangilio huo. Mjini humo sanaa iliitwa wakati familia nyingi zingali zikiishi katika mabanda ya muda, na iliitwa kwa sauti kubwa kiasi kwamba hadi leo jina la Gibellina linajulikana zaidi kwa wanahistoria wa sanaa kuliko kwa wanahistoria wa matetemeko.

Makala haya yanachunguza nafasi ya sanaa hiyo katika kuwasaidia watu wa Gibellina kujijenga upya baada ya tetemeko la Januari 1968. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu iliyosifiwa zaidi, yaani sanamu na majengo ya wasanii mashuhuri, si lazima iwe ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya uponyaji. Kazi hiyo ilifanyika pia, na pengine zaidi, katika shughuli ambazo wenyeji wenyewe walizishika kwa mikono yao: maandishi ya ukutani, mikesha ya kumbukumbu, na udarizi wa vitambaa vya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji. Kwa madhumuni ya makala haya, sanaa ya jamii ni ile ambayo watu walioathirika wanashiriki katika kuibuni, kuitengeneza, au kuitumia katika maisha yao ya pamoja. Kwa kipimo hicho, si kila sanamu inayosimama katika uwanja wa umma ni sanaa ya jamii, hata kama ilitolewa bure na kwa nia njema.

Tetemeko na miaka ya mabanda

Mitetemo ya kwanza ilisikika mchana wa tarehe 14 Januari 1968. Wakazi wengi walitoka majumbani na kuamua kulala nje licha ya baridi kali. Uamuzi huo uliokoa maisha ya wengi, kwa kuwa pigo kubwa lilikuja usiku wa kuamkia tarehe 15, muda mfupi baada ya saa tisa. Miji minne, yaani Gibellina, Poggioreale, Salaparuta na Montevago, iliangamia kabisa. Mingine, kama Santa Ninfa, Partanna na Santa Margherita di Belice, iliharibiwa vibaya. Waliokufa bondeni walizidi 200, na watu wapatao 100,000 walibaki bila makazi. Nyumba za mawe yaliyoshikizwa kwa chokaa hafifu, zilizopandiana kwenye miteremko, hazikuwa na uwezo wowote wa kustahimili mtikisiko wa namna ile.

Lililofuata lilikuwa janga la pili, na halikuwa la asili. Serikali ya Italia iliwapa waathirika tiketi za treni za kwenda bila kurudi, pamoja na pasipoti zilizotolewa kwa haraka isiyo ya kawaida, ili waondoke kutafuta maisha kaskazini mwa nchi au ng'ambo. Waliobaki waliwekwa katika mabanda, na kwa wengi miezi iligeuka kuwa miaka, na miaka ikawa zaidi ya muongo mmoja. Mwanahistoria anayetaka kuelewa kwa nini suala la sanaa lilipata uzito wa kisiasa katika bonde la Belice ni lazima aanzie hapa. Watu hawa hawakuwa wamepoteza nyumba tu. Walikuwa wamepewa ishara ya wazi kwamba mahali pao pangeweza kufutwa katika ramani bila hasara kubwa kwa yeyote.

Jibu la kwanza la wenyeji halikuitwa sanaa na mtu yeyote. Mnamo 1970 kuta zilizosalia na kuta za mabanda zilijaa maandishi makubwa ya rangi yaliyowashtaki watumishi wa serikali. Miongoni mwa yaliyopata umaarufu ni lile lililosema kwamba urasimu unaua kuliko tetemeko. Mwezi Machi mwaka huohuo Danilo Dolci na wenzake walifungua kituo cha redio kisicho na leseni mjini Partinico, wakatangaza kwa zaidi ya siku moja habari za hali ya watu wa bondeni kabla polisi hawajakifunga. Vijana wa Belice nao walikataa utumishi wa lazima wa jeshi, wakidai kuwa kazi yao ni kujenga kwao, na sheria ya mwaka huo ikawaruhusu kutumikia katika ujenzi mpya badala ya kambini. Mnamo 1976 padri wa Santa Ninfa, Antonio Riboldi, aliwapeleka watoto wa bondeni hadi Roma pamoja na barua walizoziandika wao wenyewe kwa viongozi wa nchi.

Ni rahisi kuyaweka matukio haya katika faili la historia ya siasa na kuyaacha humo. Hata hivyo maandishi ya ukutani, sauti ya redio na barua ya mtoto ni maumbo ya kujieleza yenye mtindo, hadhira na ufundi wake. Yalifanya jambo ambalo misaada ya chakula haikuweza kulifanya: yaliwatoa waathirika katika nafasi ya kuhurumiwa na kuwaweka katika nafasi ya kusema. Bila msingi huo, mradi wa sanaa uliofuata Gibellina ungekosa watu wa kuupokea.

Wito wa meya

Ludovico Corrao alikuwa wakili kutoka Alcamo na mwanasiasa wa mrengo wa kushoto. Kabla ya tetemeko alikwisha kujulikana Italia nzima kwa kumtetea Franca Viola, msichana wa Alcamo aliyekataa kuolewa na mtu aliyemteka na kumbaka, katika kesi ya 1966 iliyotikisa desturi ya ndoa ya kufidia aibu. Corrao alikuwa meya wa Gibellina kwa takribani robo karne, hadi katikati ya miaka ya 1990. Ni yeye aliyeshikilia kwamba mji uliojengwa kwa saruji na hesabu za wahandisi pekee ungekuwa kambi kubwa tu.

Hatua ya mwanzo ilikuwa mkesha. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Januari 1970, miaka miwili kamili baada ya tetemeko, waandishi na wasanii waliitwa waje kukaa na manusura kati ya magofu. Miongoni mwa waliounga mkono wito huo walikuwa mwandishi Leonardo Sciascia na mchoraji Renato Guttuso, wote wawili Wasisilia. Guttuso aliuchora usiku ule: umati wenye mienge ukitembea gizani. Kinachostahili kuangaliwa katika tukio hili ni namna lilivyoazima umbo la kienyeji. Maandamano ya usiku yenye mienge ni jambo ambalo kila mkulima wa Sisilia alilijua tangu utotoni kutokana na sikukuu za kanisa na Juma Kuu. Wageni mashuhuri ndio walioingia katika umbo la wenyeji, si kinyume chake.

Mambo yaligeuka ujenzi ulipoanza. Wapangaji wa serikali waliamua kuuhamisha mji mzima umbali wa karibu kilometa 20 upande wa magharibi, katika ardhi tambarare ya wilaya ya Salemi, karibu na reli na barabara kuu. Gibellina ya kale ilikuwa mji wa kilimani wenye vichochoro, ngazi na nyua ndogo ambamo majirani walifanya kazi na kuzungumza. Gibellina mpya ilichorwa kwa mfano wa miji bustani ya kaskazini mwa Ulaya: barabara pana, nyumba za safu zenye bustani mbele na nyuma, na viwanja vikubwa mno kwa watu waliokuwapo. Mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 6,000. Mji mpya leo una chini ya 4,000. Mtu anayetembea humo mchana wa kiangazi huweza kuvuka uwanja mzima bila kukutana na mtu.

Katika nafasi hizo tupu ndipo Corrao alipowaalika wasanii. Wengi walikuja, na wengi walitoa kazi zao. Pietro Consagra, mchongaji aliyezaliwa Mazara del Vallo, aliusimamisha mlangoni mwa bonde mfano wa nyota ya chuma kisichoshika kutu, wenye urefu wa zaidi ya mita 20, unaopita juu ya barabara. Umbo lake linakumbusha nyota za taa zinazotundikwa mitaani wakati wa sikukuu za watakatifu. Consagra alibuni pia malango ya makaburi, jengo la mikutano, na ukumbi wa michezo ya kuigiza ambao ujenzi wake umekokota kwa miongo. Ludovico Quaroni alisanifu kanisa kuu lenye tufe kubwa jeupe. Paa lake lilianguka mnamo 1994, na kanisa likafunguliwa mwaka 2010. Franco Purini na Laura Thermes walibuni mfuatano wa viwanja. Orodha ni ndefu, na kuirefusha hapa hakutaongeza hoja.

Lawama zilikuja mapema. Je, ni haki kusimamisha nyota ya chuma wakati watu wangali mabandani? Swali hilo ni zito, na watetezi wa Corrao mara nyingi wamelijibu kwa wepesi kupita kiasi. Jibu lao la kawaida, kwamba fedha za sanaa na fedha za nyumba zilitoka mifuko tofauti, na kwamba kazi nyingi zilikuwa zawadi, lina ukweli, lakini linakwepa kiini cha lawama. Kiini si fedha bali ni uamuzi. Wenyeji hawakuchagua mahali pa mji mpya wala ramani yake, na katika kazi nyingi za sanaa walialikwa kuwa watazamaji. Kwa upande mwingine, wapinzani wa Corrao nao wanasahau kwamba miji mingine ya bonde ilijengwa upya kwa ucheleweshaji uleule bila nyota yoyote.

Sanda ya saruji

Alberto Burri alikuwa daktari kabla ya kuwa msanii. Alikamatwa Tunisia mwaka 1943 akiwa katika jeshi la Italia, na alianza kuchora katika kambi ya wafungwa wa kivita huko Texas. Kazi zake za awali zilizojulikana zilikuwa za magunia yaliyochanika na kushonwa, ambayo wengi waliyaona kama majeraha. Alipofika Gibellina mpya hakuona mahali pa kazi yake. Aliomba kupelekwa kwenye magofu, na hapo ndipo alipopata wazo: kuyakusanya mabaki ya nyumba palepale yalipoangukia, kuyafunika kwa saruji nyeupe, na kuziacha nyufa zinazopitika ambazo kwa sehemu kubwa zinafuata njia za mji wa kale.

Kazi ilianza katikati ya miaka ya 1980, ikasimama mwaka 1989 kwa kukosa fedha, na ikakamilishwa mwaka 2015, miaka 20 baada ya kifo cha Burri na miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Inafunika mteremko wenye eneo la mita za mraba zipatazo 80,000. Matofali yake makubwa yana kimo cha takribani mita 1.6, hivyo mtu mzima anayetembea ndani ya nyufa huona anga, vilima na mabega ya saruji, lakini hawezi kuona kilichomo chini. Waitalia wengi huiita sanda. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo lina uzito wa ziada, kwa sababu sanda haiwekwi ili kuficha maiti tu. Ni sehemu ya wajibu wa walio hai, na bila kuutimiza wajibu huo mazishi hayajakamilika.

Hapa ndipo tathmini inapokuwa ngumu. Kwa upande mmoja, kazi ya Burri iliyapa magofu heshima ya kaburi na kuyazuia yasiwe machimbo ya mawe. Kwa upande wa pili, iliondoa kitu ambacho hakiwezi kurudishwa. Huko Poggioreale kuta zilizobomoka zingali zimesimama, na aliyezaliwa hapo anaweza kumwonyesha mjukuu wake kizingiti cha mlango wa babu yake. Gibellina kizingiti hicho kimo ndani ya saruji pamoja na vyombo, fanicha na nguo zilizobaki. Njia zimehifadhiwa, nyumba hazikuhifadhiwa. Burri aliikumbuka jamii kwa ujumla wake, ilhali familia hukumbuka kwa chumba, dirisha na tanuri la mkate. Haitoshi kusema kwamba kazi hiyo ni kubwa kisanaa, na ni kubwa kweli. Ukubwa huo haujibu swali la nani alikuwa na haki ya kufunga mlango huo kwa mara ya mwisho.

Maigizo juu ya magofu

Kabla saruji haijaanza kumwagwa, magofu yalikuwa yamepata matumizi mengine. Kuanzia 1983 hadi 1985 yaligeuzwa kuwa jukwaa la tamthilia tatu za Emilio Isgrò, alizozitunga kwa kufuata utatu wa Aeschylus kuhusu nyumba ya Agamemnon, na kuziandika kwa Kisisilia. Mitambo ya jukwaa ilibuniwa na mchongaji Arnaldo Pomodoro. Kutoka katika mradi huo lilizaliwa tamasha la kila mwaka linaloitwa Orestiadi, na baadaye wakfu wenye jina hilohilo.

Uchaguzi wa hadithi haukuwa wa bahati. Utatu wa Aeschylus unaanza na mauaji ya kisasi na unakwisha kwa kuundwa kwa mahakama. Huko Sisilia, mwaka mmoja baada ya Jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa kuuawa na mafia mjini Palermo mnamo Septemba 1982, hadithi hiyo haikuhitaji maelezo. Zaidi ya hayo, lugha iliyotumika ilikuwa ile ambayo shule za Italia zilikuwa zimeifundisha kama lugha ya aibu. Mkulima aliyeketi kati ya mawe ya mji wake alimsikia mfalme wa Ugiriki akizungumza kama jirani yake. Kama sanaa inaweza kurudisha hadhi, na neno hadhi hapa linatumika kwa tahadhari, basi ni katika nyakati kama hizo. Maigizo hayo pia yaliwapa watu sababu ya kurudi kilimani wakiwa pamoja, kwa jambo lisilo la maombolezo pekee.

Wanawake wa Gibellina na vitambaa vya Mtakatifu Roko

Sikukuu ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa mji, huangukia Agosti. Kwa desturi ya zamani, waumini walimtolea mtakatifu kitambaa cha thamani kilichobebwa katika maandamano. Kwa Kisisilia sadaka hiyo huitwa prisente. Mji ulipohamishwa, desturi ilihamishwa pamoja na watu, kwani kitambaa, tofauti na kanisa, hukunjika na kubebeka. Kuanzia miaka ya 1980 desturi hiyo ilichukua sura mpya: wasanii wa kisasa, Consagra akiwa mmoja wao, walichora michoro, na wanawake wa Gibellina wakaidarizi juu ya vitambaa vikubwa.

Katika maandishi kuhusu Gibellina vitambaa hivi hupewa aya moja, mara nyingine sentensi moja. Makala haya yanaona kwamba vinastahili zaidi ya hapo. Kwanza, kudarizi kulikuwa ujuzi ambao wanawake walikuwa nao kabla ya tetemeko. Ulijifunzwa kwa mama na nyanya katika kuandaa mahari ya nguo na mashuka. Tetemeko liliweza kuvunja nyumba na kutawanya mahari hiyo, lakini halikuweza kuuondoa ujuzi katika vidole. Msanii aliyekuja na mchoro wake alilazimika kuutegemea. Pili, ni kazi ya kukaa pamoja kwa muda mrefu. Mji mpya ulikuwa umeondoa nyua na vizingiti ambapo wanawake walikutana. Kitambaa kikubwa kinachohitaji mikono mingi kiliwakusanya tena katika kiti kimoja, kwa majuma, mazungumzo yakiendelea sindano ikitembea. Tatu, kazi hiyo ilikuwa na siku yake. Ilipokamilika haikusubiri wakosoaji. Ilibebwa mitaani mbele ya watu ambao wote walijua nani ameshona nini. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba kanga huweza kusema hadharani jambo ambalo mvaaji asingelisema kwa mdomo, hatashangaa kusikia kwamba kitambaa kinaweza kubeba mji.

Kuna tatizo moja la kiutafiti ambalo haliwezi kupuuzwa. Katika maelezo ya vitambaa hivi, mchoraji hutajwa kwa jina, na wadarizi hutajwa kwa jumla kama wanawake wa Gibellina. Jambo hili si la Gibellina peke yake. Ramani za dunia za Alighiero Boetti, zilizodariziwa na wanawake wa Afghanistan, hujulikana ulimwenguni kote kwa jina lake yeye. Lakini katika mji uliojengwa upya kwa madai kwamba sanaa ni ya watu wote, ukimya huo una maana kubwa zaidi. Rejista za ujenzi zinataja aina ya saruji na jina la msanifu wa kila uwanja. Mwanahistoria atakayetaka kujua ni nani walioshona, walilipwa au hawakulipwa, walikaa wapi na walizungumza nini, atalazimika kuwatafuta wao wenyewe au binti zao, na muda wa kufanya hivyo unazidi kupungua: aliyekuwa na umri wa miaka 20 usiku wa tetemeko alizaliwa mwaka 1948.

Vitambaa kadhaa vimehifadhiwa katika makumbusho ya wakfu wa Orestiadi, ndani ya shamba la kale la Di Stefano pembezoni mwa mji mpya, pamoja na nguo, vito na vyombo vya udongo kutoka nchi mbalimbali zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Afrika ya Kaskazini ikiwamo. Uani kumesimama mlima wa chumvi wa Mimmo Paladino wenye farasi weusi waliozama nusu, uliotengenezwa kwa ajili ya onyesho la jukwaani la mwaka 1990. Mnamo 2024 serikali ya Italia iliichagua Gibellina kuwa mji mkuu wa kwanza wa sanaa ya kisasa nchini kwa mwaka 2026.